Yah: Tela la Kumhamishia Kwaresima

Bonifas Mahimbo,
Karani Mstaafu,
Magomeni, Kilosa.
Jumatano, baada ya Misa ya asubuhi.

Kwa Ndugu Seni Nyanda,
Mwenyekiti,
Kamati ya Kumhamisha Mzee,
Mikumi.

Ndugu Mwenyekiti, nawe pia mkwe wangu,

YAH: MALALAMIKO MANANE KUHUSU TELA LA FARASI LA MTUMBA

Shikamoo yako uliyoituma kwa ujumbe wa sauti nimeipokea jana saa nne. Nimeisikiliza mara mbili, ya pili kwa ajili ya heshima, na ninaijibu kwa maandishi: marahaba. Niwie radhi kwa kutokujibu ndani ya kundi la simu la Kamati. Mimi nilifundishwa na mapadre kwamba lalamiko lisilo na tarehe wala sahihi ni umbea, na sipendi mkwe wangu apokee umbea kutoka kwangu.

Ili asiwepo mjumbe wa kusema kwamba hajui chanzo cha jambo hili, nianze mwanzo. Baada ya mke wangu Imelda kufariki, binti yangu Fabiola, ambaye ni mke wako, aliona si vyema baba yake abaki peke yake Magomeni akipika uji wa sufuria moja asubuhi na jioni. Akaomba nihamie kwenu Mikumi. Kwa kuwa familia yetu haiwezi kuhamisha hata kinu bila kuunda kamati, iliundwa Kamati, wewe ukiwa Mwenyekiti na mpwa wangu Goodhope akiwa Katibu. Nilikubali kuhama kwa sharti moja, na sharti hilo lina miguu minne. Kwaresima naye ahame, na ahame kwa heshima.

Kwaresima ni nyumbu jike wa marehemu. Kwa wajumbe waliozaliwa karibu na mbuga, ninaomba kufafanua kwamba simaanishi yule nyumbu mwenye ndevu anayekimbia makundi kwa makundi huko kwenu. Namaanisha nyumbu tuliyefundishwa misheni, yaani mtoto wa punda dume na farasi jike. Mama yake alikuwa farasi wa meneja wa mwisho wa shamba la katani nilikokuwa karani wa ghala. Baba yake alikuwa punda wa rafiki yangu Koileken wa Tindiga. Alizaliwa Jumatano ya Majivu, meneja akamkataa, Imelda akamchukua, na kwa miaka kumi na tisa wawili hao walikwenda sokoni pamoja. Kamati ilitenga fungu dogo, ikaniteua mimi kuwa Mkaguzi, nikatafute tela la mtumba linalofaa. Kazi hiyo nimeifanya kwa uaminifu kwa miezi minne. Malalamiko yangu yanafuata.

1. Katika muhtasari wa kikao cha kwanza, chini ya kichwa "Mizigo Mikubwa," Katibu ameandika hivi: kwanza, kabati, pili, punda, tatu, Mzee, nne, kitanda cha marehemu. Ndugu Mwenyekiti, kuhusu hiyo namba tatu sina neno. Mtu wa umri wangu hupangwa anapopangwa. Ninalalamikia namba mbili. Kwaresima si mzigo. Yeye ndiye aliyekuwa akibeba mizigo.

2. Wala si punda. Hili nalisema kwa unyenyekevu, nikijua kwamba wewe ni Msukuma na mna taratibu zenu. Sisi Wasagara tunahesabu ukoo kwa mama. Mama yake Kwaresima alikuwa farasi. Kwa hiyo, kwa mila zetu, Kwaresima ni farasi wa ukoo wa farasi, na punda yule alikuwa mkwe tu, kama wewe. (Nisamehe, nimetoa mfano.) Utaniambia kwamba kwenu mtoto ni wa baba. Ndiyo, lakini kwa mila yenu ni pale tu mahari inapokuwa imetolewa. Nimemwuliza Koileken mbele ya mkewe Nailantei kama punda wake alitoa chochote kwa meneja. Alicheka mpaka akashika mkongojo kwa mikono miwili, akasema, "Mzee Bonifas, punda wangu alitoa mateke tu." Hivyo kwa Wasagara ni farasi, na kwa Wasukuma pia ni farasi, maana mahari haikutolewa. Mila mbili zimekubaliana, jambo ambalo halikutokea hata siku ya harusi yako. Farasi husafirishwa kwa tela la farasi. Sioni Kamati ilipata wapi mjadala.

3. Pamoja na uwazi huo, Katibu alipendekeza Kwaresima apandishwe kwenye Fuso la vitunguu, na mjumbe mmoja, ambaye kwa staha simtaji lakini ni dada yako, alipendekeza atembee. Atembee! Kutoka Kilosa mpaka Mikumi! Mnyama wa miaka kumi na tisa, mwenye goti la kushoto linalotabiri mvua, ambaye hajawahi kwenda mbali kuliko ng'ambo ya mto Mkondoa! Njia hiyo inapita kando ya mbuga, na simba hawasomi mihtasari ya Kamati. Ninaomba iandikwe kwa kalamu nzito kwamba Kwaresima hawezi kutembea mpaka Mikumi, na kwamba hoja yangu yote imesimama juu ya ukweli huo.

4. Nilikwenda Magole kuonana na dalali mmoja anayeitwa Cosmas, kijana mwenye adabu, aliyeniamkia mara tatu kabla ya kutaja bei. Alikuwa na tela la kijani lenye paa, la farasi wawili, na bei yake ilikuwa ndani ya fungu letu. Akaniapia, "Mzee, hili limetumika Ulaya tupu. Barabara za huko unazijua mwenyewe." Nilishukuru Mungu. Nikauliza, kwa tabia tu ya ukarani, ni nchi gani ya Ulaya. Akakohoa. Ndipo ikabainika kwamba ni Ulaya hii yetu, kijiji cha njia ya Mikumi, na kwamba kwa miaka tisa lilikuwa banda la kuku. Sikumkasirikia, kwa kuwa hakusema uongo. Na barabara za huko, kama alivyosema, ninazijua mwenyewe.

Hata hivyo nililikagua kwa haki. Nilianza na sakafu, kwa kuwa rangi ni ya mnunuzi lakini sakafu ni ya mnyama. Nilichomeka kisu kwenye mbao. Upande wa kulia kiligoma. Upande wa kushoto kilizama kama kwenye ugali wa mgonjwa. Mnyama mzima akipiga kwato hapo, miguu yake itatoka chini na kuanza kukimbia pamoja na magurudumu. Nikatazama matairi. Cosmas alisema hayajatembea sana. Nikamjibu kwamba tairi ni kama mwimbaji wa kwaya: asipotumika miaka tisa naye huharibika. Yalikuwa na nyufa unazoweza kuingiza ukucha. Bakuli la kushikia nyuma ya gari lilikuwa limefungwa kwa waya wa ua. Taa ya nyuma ilikuwa moja, na ndani yake aliishi nyigu. Mlango wa nyuma, ule unaoshuka ili mnyama apandie, ulishuka vizuri sana, tena wenyewe, tukiwa tumeupa mgongo.

5. Nilipotuma taarifa hiyo, wewe Mwenyekiti ulijibu kwa upole kwamba mbao zitabadilishwa, matairi yatanunuliwa, na fundi wako wa hapo Mikumi atashughulikia lile bakuli. Nakiri kwamba jibu hilo lilinikosesha usingizi, kwa sababu lilikuwa la busara. Ndipo nilipogundua tatizo ambalo Kamati haikuliona. Tela ni la farasi wawili, na Kwaresima ni mmoja. Akisimama upande mmoja, tela litalala upande huo kwenye kila kona. Cosmas anashauri upande wa pili tuweke magunia ya mpunga kulinganisha uzito. Lakini Kwaresima atakula mpunga. Kadiri atakavyokula, upande wa mpunga utakuwa mwepesi na upande wake utakuwa mzito, hivyo kila kilomita itaongeza hatari mara mbili. Njia pekee iliyo salama ni Kamati kununua farasi wa pili mwenye uzito uleule. Farasi huyo atahitaji banda, banda litahitaji mlinzi, naye mlinzi atahitaji mahali pa kulala. Sidhani kama kamati moja itatosha. Ninapendekeza iundwe kamati ndogo.

6. Ili nisije nikaonekana mtu wa maneno matupu, nililijaribu tela hilo mwenyewe. Nilisimama ndani, upande wa kulia, Cosmas akalivuta kwa gari lake kutoka Magole kuelekea Dumila. Hewa ilikuwa ya kutosha. Vumbi lilikuwa la kutosha zaidi. Tulisimamishwa na askari wa barabarani. Alifungua mlango, akaniamkia, jambo ambalo ninamshukuru. Halafu akauliza, "Samahani Mzee, naandika nini hapa? Wewe ni mzigo au abiria?"

Ndugu Mwenyekiti, nimesoma misheni kwa miaka minane. Nimeandika vitabu vya ghala kwa miaka thelathini na moja bila hata robota moja la katani kupotea. Swali hilo lilinishinda. Nilisimama pale nikishika chuma cha kufungia kamba, nikaukumbuka muhtasari wenu wa kikao cha kwanza, nikasema, "Mwanangu, shauri hilo bado liko kwenye Kamati." Alituachia. Lalamiko langu ni kwamba Cosmas alipiga picha, picha ikafika kwenye kundi la simu, na wajumbe kumi na mmoja walicheka kwa alama ndogo ndogo za uso unaotoa machozi. Goodhope aliandika, "Babu farasi." Simkasirikii, lakini ninaomba ukumbusho ufanyike kwamba mimi ni mjomba wake, si babu yake.

7. Nilielekezwa kwenye dirisha moja la ofisi ya mifugo nikachukue kibali cha kusafirisha mnyama. Kijana aliyekuwepo alinisaidia kwa moyo. Aliuliza mnyama gani, nikajibu nyumbu. Kutoka wapi? Kilosa. Kwenda wapi? Mikumi. Akaweka kalamu chini. "Mzee wangu," akasema kwa sauti ya chini kama anayeniungamisha, "nyumbu ni nyara ya Serikali. Umempata wapi?" Nikasema nimeishi naye uani miaka kumi na tisa. Akasema nisirudie kauli hiyo mbele ya mtu mwingine. Aliongeza kwamba kama nia yangu ni kumrudisha mbugani, hilo ni jambo jema, na huenda nikasamehewa.

Nilimweleza kuhusu nyumbu wa misheni. Alitafuta kwenye mfumo. Mfumo una ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, punda na kuku. Akanishauri tubonyeze punda, yaishe. Nilikataa kushuhudia uongo juu ya mama yake. Nikamwomba abonyeze farasi, kwa hoja za lalamiko la pili. Akanisikiliza mpaka mwisho, mahari na yote, kisha akasema mfumo haumtambui farasi, lakini una nafasi ya "Wengineo." Nilikuja nyumbani nikifikiri. Mke wangu hakumlea Wengineo.

8. Hili la mwisho ni zito, na naliandika polepole. Hata tela likipatikana, Kwaresima hapandi. Imelda ndiye pekee aliyeweza kumwingiza mahali. Alimwambia kila siku maneno yaleyale, "Haya mama, twende kwetu," na mnyama akatembea. Mimi nikiyasema yeye hugeuza masikio nyuma, kama anayesikia nukuu iliyokosewa. Jumapili iliyopita Kamati iliagiza mazoezi. Koileken alileta gari dogo analobebea ndama. Tulianza baada ya Misa. Tulijaribu chumvi, majani ya mahindi, ukoko wa ugali ambao marehemu alikuwa akimpa saa kumi. Mpaka saa kumi yenyewe ikafika, na Kwaresima alikuwa bado amesimama pale pale, akitazama mlango wa jikoni.

Koileken akaketi juu ya jiwe, akacheka kidogo, akasema, "Mzee, huyu hakatai gari. Anakuiga wewe." Ninayawasilisha maneno hayo kama lalamiko dhidi ya rafiki yangu wa miaka arobaini, japo yeye si mjumbe wa Kamati. Siku iliyofuata nilimkabidhi Kwaresima akae kwake Tindiga, apate majani mabichi na utulivu, wakati sisi tukiendelea kutafuta tela linalostahili.

Kwa hayo yote, Ndugu Mwenyekiti, naomba Kamati ikubali mambo yafuatayo. Litafutwe tela jipya la mtumba, lenye sakafu ngumu, lililotumika Ulaya ile nyingine. Anunuliwe farasi wa pili. Mfumo uongezewe neno nyumbu, na karibu nalo iwekwe picha. Safari isifanyike masika kwa sababu ya tope, wala kiangazi kwa sababu ya vumbi, wala vuli, kwa sababu ya goti. Nikipiga hesabu kwa uangalifu, naona tutakuwa tayari baada ya miaka mitatu, nami nitakuwa na themanini na moja. Mpaka hapo nitabaki Magomeni. Uji haunisumbui. Kaburi la Imelda hufagiliwa kila asubuhi, na anayelifagia hupata nafasi ya kumsimulia habari za Kamati, ambazo, nikisema kweli, zingemfurahisha.

Nitaelewa kabisa ikiwa Kamati, kwa kuona ugumu huu, itaamua kujivunja. Sitamlaumu mtu. Fabiola ana watoto, ana biashara, ana mume mwema. Nyumba yenye vyumba vitatu haina sababu ya kukaza mshipi kwa ajili ya mtu anayeamka saa kumi usiku na kukohoa.

Msalimie sana Fabiola. Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao, asirukwe yule mdogo. Msalimie dada yako, na umwambie sina kinyongo kuhusu kutembea. Wasalimie wazee wa jumuiya yenu, fundi wa lile bakuli, na ng'ombe wako wote, ambao najua hakuna aliyewahi kuwaandika chini ya mizigo.

Kwa unyenyekevu, na kwa kuomba radhi kwa urefu wa karatasi,

Bonifas Mahimbo
Mkaguzi wa Tela

Nakala: Ndugu Goodhope, Katibu (aisome akiwa ameketi).

Nyongeza, Jumatano hiyohiyo, alasiri.

Nilikuwa nimekwisha kulamba gundi ya bahasha Koileken alipoingia. Kisha akaniambia kwamba Nailantei aliondoka Jumatatu na mifugo kwenda kwa dada yake upande wa Mikumi, kufuata majani, na kwamba kwa kukosa punda wa kutosha alimpakia Kwaresima sufuria na vibuyu. Nikamwuliza kwa nini hakuniomba ruhusa. Akajibu, "Ningekuomba, ungeniandikia barua."

Tulikuwa bado tunatazamana Fabiola alipopiga simu. Kwaresima amefika. Ametembea siku tatu, magoti yote mawili ni salama, na simba hata mmoja hakujitokeza kuunga mkono lalamiko langu la tatu. Nailantei alipita kwenu kuomba maji ya kunywa. Fabiola akatoka, akamwona mnyama wa mama yake amesimama barabarani amegoma, na bila kufikiri akasema, "Haya mama, twende kwetu." Kwaresima alimpita mlangoni, akaenda moja kwa moja uani, akaanza kula mchicha wenu. Nitaulipia.

Nilimwomba Fabiola ayarudie maneno hayo kwenye simu. Aliyarudia. Koileken alitoka nje kuangalia kitu.

Kisha binti yangu akauliza, "Baba, nyumbu wa mama kafika. Wewe unasubiri tela?"

Ndugu Mwenyekiti, ninayafuta malalamiko ya kwanza hadi ya nane. Lile tela la Magole lichukuliwe. Nimeangalia vipimo vyangu: kitanda cha marehemu kinaenea upande wa kulia, kabati upande wa kushoto, na hivyo uzito unalingana. Mbao zile zilizooza zina uwezo wa kubeba kabati, maana kabati halipigi kwato. Kina mama wa jumuiya wamekubali kufagia kaburi. Nimewaachia ufagio wangu. Njoo Jumamosi, ukiweza.

Ombi langu linabaki moja tu, nalo ni kwa Katibu. Muhtasari wa kikao cha kwanza urekebishwe usomeke hivi. Mizigo Mikubwa: kabati na kitanda. Kwaresima: amekwisha fika. Mzee: abiria, kiti cha mbele.

B.M.